Malkia Aliyesema kwa Sindano

Wageni wanaozuru Uingereza kutazama kazi za kudarizi hupelekwa Oxburgh Hall, jumba kongwe lililoko Norfolk. Humo mna mapazia ya kudariziwa kwa hariri, na mmoja wa waliotia mkono kazi hiyo ni Mary Stuart, Malkia wa Scotland.

Bibi huyu alizaliwa mwaka 1542, akarithi ufalme akiwa na umri wa siku sita tu. Mwaka 1567 wakuu wa nchi yake walimlazimisha kuuacha. Mwaka uliofuata alikimbilia Uingereza kuomba hifadhi kwa jamaa yake, Malkia Elizabeth. Badala ya hifadhi akapata kifungo cha karibu miaka 19.

Barua zake zilichunguzwa, lakini sindano hakunyang'anywa. Pamoja na Bess wa Hardwick, mke wa mlinzi wake, alidarizi ndege, samaki na wanyama. Pia alidarizi mkono utokao mawinguni, umeshika mundu, unakata tawi la mzabibu lisilozaa. Wanahistoria wengi husema tawi hilo ni Elizabeth, ambaye hakuwa na mtoto. Mto wenye mchoro huo alimpelekea kabaila Thomas Howard, aliyetaka kumwoa. Mwaka 1572 Howard aliuawa kwa uhaini.

Mary naye alikatwa kichwa tarehe 8 Februari 1587. Lakini Elizabeth alipofariki mwaka 1603, aliyerithi kiti chake alikuwa James, mwana wa Mary. Mfungwa alikufa, alichokisema kwa uzi kikatimia.