Bruno Gutmann (1876–1966) na Ngano za Watoto wa Uchagani: Maji, Irimu na Lugha Iliyoachwa

Katika ngano za pwani, hatari inayomkabili mtoto mara nyingi hutoka baharini: kuna nguva, kuna majini wa kilindini, kuna samaki anayemeza chombo pamoja na mabaharia wake. Mtoto aliyezaliwa Mkuu, Marangu au Old Moshi hana bahari. Hata hivyo ngano za miteremko ya Kilimanjaro hazikukosa maji yanayowachukua watu wala zimwi linalowavizia watoto. Mahali pa kilindi pamechukuliwa na kidimbwi, na mahali pa jumba la chini ya bahari pamechukuliwa na nchi ya wafu iliyo chini ya ardhi. Kwamba sehemu kubwa ya ngano hizo iliwahi kutiwa katika maandishi ni kwa sababu ya Mjerumani mmoja, Bruno Gutmann. Kwamba ilitiwa humo bila maneno yake ya asili ni kwa sababu yake yeye huyo pia.

Gutmann alizaliwa tarehe 4 Julai 1876 huko Dresden. Alipata mafunzo katika chuo cha Misheni ya Kilutheri ya Leipzig, akapelekwa Afrika Mashariki mwaka 1902. Misheni hiyo ilikuwa imeingia Uchagani mwaka 1893, baada ya wamisionari wa Kiingereza kulazimika kuondoka Moshi. Nchi aliyoikuta ilikuwa na jeraha bichi. Machi 1900 utawala wa Kijerumani ulikuwa umemnyonga Mangi Meli wa Moshi pamoja na viongozi wengine, na watu aliokwenda kuwahubiria walikuwa wamelishuhudia jambo hilo kwa macho yao. Haifai kuusahau muktadha huu wakati wa kusoma maandishi yake. Wazee waliomsimulia habari za kale walikuwa wakizungumza na mtu wa taifa lililowashinda, na fanani yeyote hupima maneno yake kulingana na hadhira iliyo mbele yake.

Alifanya kazi upande wa magharibi wa mlima, Machame na Masama, kisha Old Moshi kuanzia mwaka 1910. Alijifunza lugha kwa bidii isiyokuwa ya kawaida hata miongoni mwa wamisionari wenzake, ambao kwa jumla hawakuwa wavivu katika jambo hilo. Mwaka 1909 alitoa kitabu juu ya fikra na ushairi wa Wachaga. Mwaka 1914 ukafuata mkusanyiko wake mkubwa wa visakale, ngano, hekaya za wanyama na vichekesho, uitwao *Volksbuch der Wadschagga*, uliochapishwa Leipzig mwaka uleule Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza.

Ngano inayojulikana zaidi kati ya zile zilizotokana na kazi yake ni ile ya Marwe. Marwe na ndugu yake wa kiume wanapewa kazi ya kulinda shamba la maharage lisiliwe na nyani. Kiu inawashika, wanakwenda kunywa maji, na wanaporudi nyani wamekwisha kula maharage yote. Kwa kuogopa wazazi, Marwe anajitosa katika kidimbwi. Anazama mpaka nchi ya wafu, anapokelewa na mwanamke mzee, anakaa naye. Anapotamani kurudi kwao, mzee anamtaka achague kati ya baridi na moto. Marwe anachagua baridi, anatumbukiza mikono katika chungu, na mikono inatoka imejaa bangili. Anarudi juu akiwa na mali na uzuri, wachumba wanamiminika, naye anamchagua Sawoye, kijana mwenye ugonjwa wa ngozi. Ndoa inamponya. Majirani wenye husuda wanamwua Sawoye. Marwe anamfufua na kumficha, na wauaji wanapokuja kugawana mali wanakutana na Sawoye mwenyewe, naye anawaua.

Msomaji wa ngano za Ulaya atakumbuka mara moja ile ya Frau Holle katika mkusanyiko wa ndugu Grimm, ambamo msichana anatumbukia kisimani, anamtumikia mwanamke mzee na kurudi amefunikwa dhahabu. Gutmann, mtoto wa Dresden, bila shaka aliijua. Je, aliipaka ngano ya Kichaga rangi ya kwao? Katika kiini chake, hapana. Mtoto anayeshuka majini na kurudi na zawadi anapatikana katika ngano za jamii nyingi za Afrika ambazo Gutmann hakuzigusa. Tena nguvu ya Marwe haimo katika bidii ya msichana mwema, kama ilivyo katika ngano ya Kijerumani. Imo katika hofu. Kosa lenyewe ni la kitoto kabisa, kwenda kunywa maji, lakini linatosha kumsukuma mtoto afe. Hadhira ya watoto wanaopelekwa kila siku kufukuza nyani na ndege mashambani haikuhitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Rangi ya Kijerumani, kama ipo, itafutwe katika mtindo: mpangilio wa sentensi, maelezo yanayounganisha matukio, ulaini wa masimulizi.

Na hapo ndipo penye tatizo. *Volksbuch* ni kitabu cha Kijerumani, na jalada lake lenyewe linakiri kwamba ngano zimesimuliwa upya. Fomula za kuanzia na kumalizia, nyimbo zinazokatiza masimulizi, viitikio vya hadhira, tanakali za sauti, yote yamepita katika chujio la mtu mmoja. Chukua mfano wa irimu, zimwi la ngano za Kichaga ambalo hujigeuza umbo na mara nyingi huonekana kama chui. Jina lake lina asili moja na zimwi la Kiswahili, na mwanaisimu angependa kujua lilipewa ngeli gani na msimulizi yupi, lilisema kwa sauti gani, na watoto waliitikia nini lilipotokea. Kijerumani hakiwezi kumjibu. Linganisha na Edward Steere, ambaye mwaka 1870 alichapisha hadithi za Unguja kwa Kiswahili na Kiingereza kurasa zikitazamana. Steere naye alikuwa mmisionari, na alikuwa na upungufu wake, lakini matini aliiacha.

Haiwezekani kusema kwamba Gutmann hakujua thamani ya matini. Alipochapisha mafundisho ya jando na unyago, *Die Stammeslehren der Dschagga*, katika majuzuu matatu kati ya mwaka 1932 na 1938, aliweka Kichaga pamoja na tafsiri yake. Tofauti hii haikuwa ya bahati. Mafundisho ya wazee aliyaona kuwa msingi wa jamii, kwa hiyo kila neno lilistahili kulindwa. Ngano za watoto zilitosha kusimuliwa upya kwa ajili ya wasomaji wa Ujerumani. Ni upangaji wa tanzu ambao wataalamu wengi wa wakati wake waliukubali bila kuujadili, nao umetugharimu zaidi katika ngano kuliko mahali pengine.

Kejeli yake ni kwamba hakuna mmisionari wa Kilimanjaro aliyeitetea lugha ya mama kwa ukali kama yeye. Alishikilia kwamba ukoo, ujirani na rika ndivyo vifungo vya asili vya binadamu, na kwamba kanisa lazima lijengwe juu yake kwa lugha ya vifungo hivyo. Kiswahili, ambacho serikali ya Kijerumani ilikitumia katika utawala na shule, alikiona kuwa lugha ya mjini na ya biashara, yenye kumng'oa Mchaga katika shina lake. Historia haikumfuata. Vijana wa Uchagani walitaka shule, kahawa na barua za kuandikiana na Tanga na Mombasa, na kwa hayo Kiswahili kiliwafaa. Lakini katika suala la ngano Gutmann hakuwapa Kiswahili wala Kichaga. Mtoto wa Old Moshi aliyefundishwa kusoma katika shule ya misheni asingeweza kuisoma hadithi ya Marwe katika kitabu kilichotoka kijijini kwake.

Jambo jingine linahusu upande wa Rombo. Uchunguzi wa Derek Nurse wa mwaka 1979 umeonyesha wazi kwamba lahaja za Rombo, Kimkuu ikiwa mojawapo, ni kundi lake, mbali na lahaja za kati na za magharibi ambazo Gutmann alizitumia. Rombo ilikuwa zaidi eneo la wamisionari wa Kikatoliki, wala si uwanja wake. Kwa hiyo *Volksbuch* isichukuliwe kuwa hazina ya mlima mzima. Huko Rombo kuna Ziwa Chala, lililo katika kreta mpakani na Kenya, ambalo Charles New alilifikia mwaka 1871 na kusimuliwa juu ya kijiji cha Wamasai kilichozama humo, na sauti za mifugo zinazosikika bado kutoka chini ya maji. Ngano za maji za upande huo zinahitaji mkusanyaji wake.

Gutmann alifukuzwa pamoja na Wajerumani wenzake mwaka 1920, akarudi Old Moshi katikati ya miaka ya 1920, akaondoka kabisa mwaka 1938. Kitabu chake cha sheria za Wachaga cha mwaka 1926 kiliwavutia wanaanthropolojia na wanasheria. Sally Falk Moore alikitegemea sana katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1986. Ngano zilikwenda njia nyingine. Alice Werner alizitumia katika kitabu chake cha visaasili vya Wabantu cha mwaka 1933, na kwa Kiingereza hicho Marwe akaingia katika vitabu vya watoto ng'ambo, mara nyingi bila jina la msimulizi wala la mkusanyaji. Gutmann alifariki tarehe 17 Desemba 1966 huko Ehingen, Bavaria, miaka mitano baada ya Tanganyika kupata uhuru, wakati ambapo Kiswahili kilikuwa tayari lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Kilimanjaro.