Joe Colombo: Msanii aliyeichora nyumba ya kesho akiwa Milan

Na Mwandishi Wetu

JULAI 30, 1971, siku aliyotimiza umri wa miaka 41, msanifu Joe Colombo alifariki dunia ghafla jijini Milan, Italia, baada ya moyo wake kushindwa kufanya kazi. Aliacha michoro ya nyumba nzima iliyobanwa ndani ya samani nne tu, kazi iliyokusudiwa kuonyeshwa New York, Marekani, mwaka uliofuata. Hakujaliwa kuiona ikisimama.

Jina lake halitajwi sana katika eneo letu, ingawa wanaosomea usanifu wa ndani ya majengo hukutana nalo mapema wanapofika kwenye sura ya nyumba za wakati ujao. Hata hivyo, ni wachache wasiowahi kukalia kiti kilicho katika ukoo wa kazi zake. Viti vya plastiki vinavyopangwa kwenye harusi na misiba, kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi, vina watangulizi wake katika karakana za Italia za miaka ya 1960, na Colombo alikuwa mmoja wa waliofungua njia hiyo.

Alizaliwa Milan Julai 30, 1930, akapewa jina la Cesare, lakini dunia ilikuja kumfahamu kwa jina la Joe. Ujana wake uliangukia katika kipindi kigumu. Mwaka 1943 mji huo ulishambuliwa vikali kwa mabomu ya ndege, na Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipomalizika mwaka 1945, familia nyingi zilikuwa hazina mahali pa kuishi. Swali la nyumba ya kesho itakuwaje halikuwa anasa ya wasomi, bali lilikuwa hitaji la kila siku la watu waliozungukwa na vifusi.

Colombo alianzia kwenye sanaa. Alisoma uchoraji na uchongaji katika Chuo cha Sanaa cha Brera, chuo kikongwe kilichoanzishwa mwaka 1776, hadi mwaka 1949. Baada ya hapo alijiunga na chuo kikuu cha ufundi cha Politecnico di Milano kusomea usanifu majengo, masomo aliyoendelea nayo hadi mwaka 1954.

Akiwa bado mwanafunzi hakukaa darasani tu. Mwaka 1951 alijiunga na Movimento Nucleare, kundi la wachoraji lililoanzishwa na Enrico Baj na Sergio Dangelo, ambalo kazi zake zilitawaliwa na fikra za enzi ya nyuklia. Mwaka 1953 alipamba dari ya klabu ya muziki wa jazi jijini humo. Huo ulikuwa mwanzo wa safari yake kutoka kwenye turubai ya mchoraji kuingia ndani ya chumba ambamo watu huketi, hunywa na kuzungumza.

Mwaka 1954 una uzito wa pekee katika simulizi hii. Mwezi Januari mwaka huo Italia ilianza matangazo ya kawaida ya televisheni. Katika maonyesho ya Triennale ya Milan ya mwaka huo huo, Colombo alitengeneza sehemu za kupumzikia za nje zilizokuwa na vibanda vya televisheni. Wengi walikiona chombo hicho kama kitu cha ajabu, ilhali yeye alikwisha kuanza kujiuliza kitabadilisha vipi mahali pa kukaa.

Mwaka huo huo, katika chuo hicho cha Politecnico, mwanakemia Giulio Natta aligundua namna ya kutengeneza polipropilini imara, aina ya plastiki iliyokuja kuenea duniani kote. Ugunduzi wake katika kemia ya plastiki ulimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1963, akishirikiana na Mjerumani Karl Ziegler. Hivyo chuo kimoja kililea kwa wakati mmoja elimu ya majengo na elimu ya malighafi mpya, na Colombo ndiye aliyekuja kuziunganisha kwa ujasiri usio wa kawaida.

Daraja la kuziunganisha, hata hivyo, hakulipata chuoni. Mwaka 1959 baba yake alifariki dunia, na Joe pamoja na mdogo wake, Gianni, wakarithi kiwanda cha familia kilichohusika na vifaa vya umeme. Kwa kijana aliyelelewa katika uchoraji, mzigo huo ungeweza kuwa mwisho wa ndoto. Badala yake, aliigeuza karakana kuwa shule yake ya tatu. Humo alifanya majaribio ya faibaglasi na plastiki za aina mbalimbali, akajifunza mambo ambayo penseli haiwezi kufundisha: kitu gani hupinda, kitu gani huvunjika na kitu gani hung'ang'ania ndani ya kalibu.

Mwaka 1962 alifungua ofisi yake ya usanifu jijini Milan. Miaka tisa iliyofuata, ambayo ndiyo ilikuwa yote aliyobakiwa nayo, aliitumia kwa kasi ya mtu anayekimbizana na jua. Akishirikiana na Gianni, aliunda taa ya Acrilica, ambayo mwanga wake husafiri ndani ya kipande kinene cha plastiki angavu kilichopindwa na kujitokeza upande wa pili. Taa hiyo ilipata medali ya dhahabu katika Triennale ya mwaka 1964.

Mwaka 1963 aliunda kiti kikubwa cha faibaglasi kinachomkumbatia mkaaji, akakiita Elda, jina la mke wake. Mwaka huo huo alibuni kwa ajili ya kampuni ya Boffi jiko dogo lenye magurudumu, ambalo ndani yake mlikuwa na sehemu ya kupikia, jokofu dogo, ubao wa kukatia na droo za vyombo. Jiko zima lilisukumwa kutoka chumba kimoja hadi kingine na kuchomekwa ukutani kwa waya mmoja wa umeme.

Kazi iliyompa jina kubwa zaidi ni kiti cha Universale, alichokibuni kati ya mwaka 1965 na 1967 kwa ajili ya kampuni ya Kartell. Mwanzoni alikifikiria kwa alumini, kisha akageukia plastiki. Kinahesabiwa kuwa kiti cha kwanza cha mtu mzima kutengenezwa kwa plastiki ya aina moja iliyoyeyushwa na kusukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu. Miguu yake iliweza kuchomolewa na kubadilishwa, ili kiti kimoja kimfae mtoto, mkaaji wa mezani au mteja wa baa. Tundu lililo mgongoni, ambalo mtazamaji hudhani ni pambo, lilisaidia kukitoa ndani ya kalibu, na pia ni mahali pa kukishika wakati wa kukihamisha. Miaka ya baadaye kiti hicho kilitengenezwa kwa polipropilini, plastiki ileile ya Natta.

Tuzo nazo hazikuchelewa. Mwaka 1967 alipewa Compasso d'Oro, yaani Bikari ya Dhahabu, tuzo kuu ya usanifu wa bidhaa nchini Italia, kwa taa yake ya Spider. Mwaka 1970 aliipata tena kwa kiyoyozi.

Lakini Colombo hakuridhika kuitwa mtengeneza viti. Aliamini kuwa kosa la nyumba nyingi ni kujazwa samani moja moja, kila moja ikidai nafasi yake usiku na mchana, hata pale isipotumika. Kwa mtazamo wake, chumba kilipaswa kupimwa kwa ujazo wake wote, kuanzia sakafuni hadi darini. Aidha, alitarajia kwamba mawasiliano yangepunguza umuhimu wa umbali, hivyo kumwezesha mtu kufanya mambo mengi akiwa nyumbani.

Mwaka 1969 kampuni ya kemikali ya Bayer ilimkabidhi kazi ya kuonyesha makazi ya kesho jijini Cologne, katika iliyokuwa Ujerumani Magharibi. Maonyesho hayo yaliitwa Visiona 1. Wageni waliingia katika nyumba isiyo na kuta za kawaida za kugawa vyumba. Palikuwa na sehemu ya kukaa, sehemu ya kupikia na sehemu ya usiku yenye kitanda na bafu, kila moja ikisimama kama chombo kamili. Mwaka huo huo alijitengenezea kitanda chenye paa linalofunguka na kufunga kama la gari la wazi, akaishi nacho katika nyumba yake mwenyewe, jambo ambalo wabunifu wengi hawathubutu kulifanya.

Kilele kilikuwa ile kazi aliyoiacha mezani. Wenzake, akiwamo msaidizi wake Ignazia Favata, waliikamilisha, na Mei 1972 ikaonyeshwa katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa la New York, kwenye maonyesho ya usanifu wa Italia yaliyoandaliwa na Emilio Ambasz. Jiko, kabati, bafu na kitanda vilipangwa katika eneo la mita za mraba 28 tu, na ndani yake vikajificha meza, viti na rafu zilizovutwa pale zilipohitajika.

Nyumba hiyo haikuingia katika uzalishaji wa kiwandani. Mwaka uliofuata ukaja msukosuko wa mafuta, na hadi kufikia mapema mwaka 1974 bei ya mafuta ghafi ilikuwa imepanda takriban mara 4. Plastiki, ambayo hutokana na mafuta hayo, ikawa ghali. Imani ya kwamba mali hiyo ingeendelea kuwa nyingi na rahisi milele iliporomoka, na miongo iliyofuata ikafichua kasoro nyingine: taka za plastiki zisizooza. Hilo ni deni ambalo kizazi cha Colombo hakikulihesabu.

Pamoja na hayo, si yote yaliyopita na upepo. Kitoroli cha droo kiitwacho Boby, alichokibuni mwaka 1970 kwa ajili ya vyumba vya wachoraji, kinaendelea kutengenezwa. Jiko lake lenye magurudumu nalo limerudishwa sokoni kwa malighafi mpya. Na janga la Covid-19 lilipowafungia watu ndani mwaka 2020, meza ya chakula ikawa ofisi asubuhi na darasa mchana, kama alivyowahi kutazamia.

Mkazi wa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia hapa Dar es Salaam hahitaji kufundishwa hesabu hiyo. Jioni meza husogezwa ukutani, godoro hutandikwa, na asubuhi chumba hurudi kuwa sebule. Analolifanya mkazi huyo kwa kubanwa na kodi ndilo Colombo alilolifanya kuwa taaluma. Tofauti ni kwamba yeye alijiuliza kwa nini samani isibuniwe tangu mwanzo ili imrahisishie mtu kazi hiyo.

Vyuo viwili vilimfundisha kuona na kupima, kiwanda kikamfundisha kutengeneza. Vilivyodumu katika kazi zake si vile vilivyofanana zaidi na chombo cha angani, bali vile vilivyotokana na kumtazama kwa makini mtu anavyokaa, anavyopika na anavyolala. Swali lake la mita za mraba 28 bado linawasubiri wanaosomea taaluma hiyo leo, safari hii wakitafuta malighafi isiyoacha deni.