Nettie Stevens na siri ya kromosomu ya mwanaume

Huku kwetu Kilimanjaro, kuanzia Machame hadi Rombo, kwa desturi kihamba hurithiwa na mtoto wa kiume. Ndiyo maana mke asiyeshika mimba, au anayezaa wasichana watupu, hunyooshewa kidole. Mtafiti mmoja aliyefariki zaidi ya miaka 100 iliyopita alituonyesha kuwa tumtazame na baba.

Nettie Stevens alizaliwa mwaka 1861 jimboni Vermont, Marekani, akiwa mtoto wa fundi seremala. Alifundisha shule akidunduliza fedha, akaingia Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1896 akiwa na miaka 35. Shahada ya uzamivu aliipata Chuo cha Bryn Mawr mwaka 1903.

Mwaka 1905 alichunguza kwa hadubini chembe hai za mdudu wa unga. Jike lilikuwa na kromosomu kubwa 20; dume lilikuwa na kubwa 19 na ndogo moja. Hiyo ndogo leo tunaiita Y. Akabaini kwamba dume hutoa mbegu za aina mbili, na ndizo zinazoamua jinsia. Kwa binadamu ni hivyohivyo: mama hana uwezo wa kuchagua. Stevens alifariki kwa saratani ya matiti mjini Baltimore mwaka 1912.

Katika mji huo, mwaka huohuo, alizaliwa Harry Klinefelter, daktari ambaye mwaka 1942 alieleza hali ya wanaume wenye korodani ndogo wasiotoa mbegu. Mwaka 1959 iligundulika kwamba wana kromosomu X ya ziada. Wapo pia wanaume ambao Y yao imepungukiwa kipande.

Mwanaume wa aina hii anaweza kuwa na afya njema na nguvu za kiume, asihisi tatizo lolote. Hivyo mkewe huzunguka hospitali peke yake kwa miaka.

Ndugu msomaji, kipimo cha kwanza kwa baba ni cha manii. Mbegu zikikosekana au zikiwa chache mno, zungumzeni na daktari kuhusu kipimo cha damu cha kromosomu kabla ya kulipia upandikizaji wa mimba. Majibu hubadilisha mpango. Kuna vipande vya Y ambavyo vikikosekana, upasuaji wa kutafuta mbegu kwenye korodani hauna faida. Vingine vikikosekana, mbegu huweza kupatikana, lakini mtoto wa kiume atarithi upungufu uleule. Mwenye X ya ziada naye bado ana matumaini: katika vituo vya kibingwa, mbegu hupatikana kwa karibu nusu ya wanaofanyiwa upasuaji huo. Asianze sindano za homoni za kiume kabla ya ushauri, kwani huzuia utengenezaji wa mbegu.

Baba, kabla ya kuuza ng'ombe au kumrudisha mke kwao, njoo kliniki mkiwa wawili.