Munganga Mottoulle, aliyefunga matunzo kwenye kazi ya shaba

Kolwezi, uliza wazee waliozaliwa kwenye kambi za kampani. Wengi watakuambia walizaliwa materniti, hapana nyumbani. Nyuma ya jambo hilo kuna munganga mmoja Mbelgiji, Léopold Mottoulle.

Mottoulle aliingia Union Minière du Haut-Katanga, kampani ya shaba iliyoundwa mwaka 1906. Huko hakubaki na sindano na vidonge tu. Alikuja kuongoza idara ya wafanyakazi weusi: kuandika watu kazi, nyumba, posho, matunzo, vyote vilipita kwake.

Mbele ya hapo, wanaume waliletwa toka mbali kwa mikataba mifupi. Waliacha bibi kijijini, na wengi walikufa kambini kwa magonjwa. Kwa kampani hiyo ilikuwa hasara, maana kila mara ilianza upya kutafuta na kufundisha watu. Kwa hiyo, toka mwaka 1928, mpango ulibadilika: mkataba wa miaka 3, mfanyakazi aje na bibi yake, wazae na kukaa.

Lupitalo, materniti, kupima watoto, maziwa, masomo: yote yalitolewa bila mfanyakazi kulipa hata franga. Vifo vya watoto vikapungua. Kolwezi, mji ulioanza kujengwa mwaka 1937, ulikua ndani ya mpango huo.

Lakini matunzo hayo yalikuwa na bei ingine. Wakunga wa kijiji waliwekwa pembeni. Desturi ya mama kunyonyesha kwa muda mrefu ilipigwa vita, juu kampani ilitaka watoto wengi, wafanyakazi wa kesho. Mottoulle aliona mfanyakazi kama mtoto wa kuongozwa na baba. Mwezi wa 12, 1941, wakati bei za vita zilipanda, wafanyakazi waligoma kuomba mshahara wa kutosha. Tarehe 9, askari waliwafyatulia risasi kwenye uwanja wa mpira wa Élisabethville, leo Lubumbashi. Makumi ya watu walikufa, pamoja na kiongozi wao Léonard Mpoyi. Maziwa ya mtoto hayakutosha kunyamazisha baba yake.

Mwaka 1946 Mottoulle alitoa kitabu kuhusu miaka 20 ya siasa yake. Kazi yake iliishi kumpita. Mwaka 1967 mali ya kampani ilichukuliwa na Serikali, ikazaa Gécamines, nayo ikaendelea kutunza jamaa za wafanyakazi.

Kisha, mwezi wa 9, 1990, mgodi wa Kamoto uliporomoka, na kampani ikaanza kuanguka. Mishahara ilikwama, dawa zikakosekana. Mwaka 2003 wafanyakazi 10 655 waliondoka kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Matunzo yaliyofungwa kwenye kazi yaliondoka na kazi.

Pengo hilo limeangukia pia vituo vidogo vya afya vya kwenye kartié: munganga au infirmié mmoja, vitanda vichache, mgonjwa analipa mwenyewe. Mchimbaji wa mkono akikosa madini, kituo nacho kinakosa pesa ya dawa.

Mwaka 2023 Serikali ilianzisha Kinshasa mpango wa kuzaa bila malipo, kituo kilipwe na Serikali badala ya mama. Kwa kituo kidogo swali ni lile lililoachwa na Mottoulle: nani analipa, na akiacha kulipa, mama ataenda wapi?