Marehemu Nanji Kalidas Mehta: Maisha Yaliyojengwa juu ya Pamba

Katika kitabu cha maadhimisho ni desturi njema kuwakumbuka waliotutangulia. Safari hii tumemchagua mtu ambaye kazi yake inafahamika kwa majirani zetu ng'ambo ya Murongo, na hata kwa wengi wa upande wetu wa mto Kagera. Wengi humkumbuka kwa sukari ya Lugazi. Wachache hukumbuka kwamba kabla ya sukari alikuwa mtu wa pamba.

Nanji Kalidas Mehta alizaliwa mwaka 1887 katika kijiji cha Gorana, karibu na Porbandar, Gujarat, katika jamii ya Walohana. Masomo yake ya darasani yalikuwa machache. Akiwa na umri wa miaka 13 hivi alipanda jahazi kuja Afrika Mashariki, kama walivyofanya vijana wengi wa pwani ile waliosubiri pepo za kaskazi ziwalete. Baada ya kujifunza biashara ya duka, aliweka makazi Uganda na kufanya kazi katika nchi ya Busoga.

Wakati ulikuwa unafaa. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika Ziwa Viktoria mwaka 1901, na mwaka 1903 mbegu za pamba zilianza kugawiwa kwa wakulima wa Uganda. Baada ya miaka michache pamba ikawa ndiyo zao kuu la nchi. Nanji aliona kwamba mwenye duka hupata faida ndogo kwa kuuza nguo, ilhali pamba yenyewe ikipita mlangoni pake. Akaingia katika ununuzi wa pamba, kisha katika viwanda vya kuichambua, ambavyo hatimaye vilizidi 20.

Inafaa tueleze kazi hiyo, kwa kuwa wengi wetu tunaijua nguo tu. Pamba inayotoka shambani ina mbegu ndani yake, na takribani theluthi moja tu ya uzito wake ndiyo nyuzi. Mkulima huanza kwa kutenga pamba safi na pamba fifi. Kiwandani, mashine za roli huvuta nyuzi na kuziacha mbegu, kisha nyuzi hushindiliwa na kufungwa marobota. Hapo ndipo mpimaji huingia kazini. Huchukua kishungi kidogo, hukishika kwa vidole gumba, hukivuta, hukipanga na kurudia tena mpaka nyuzi zilale sambamba. Kisha huzilaza juu ya kitambaa cheusi na kuzipima urefu. Hutazama pia rangi, takataka na unyevu. Pamba iliyolowa huwa nzito katika mizani, lakini ndani ya robota huoza na kubadilika rangi.

Robota likifika kwenye kiwanda cha nguo, pamba hupigwa ili ivimbe, huchanwa, na kuwa utepe laini ambao bado haujasokotwa. Vipande vya utepe vyenye urefu mmoja hupimwa uzito, kimoja baada ya kingine, ili ijulikane kama una unene sawa. Palipo pembamba, uzi utakatika. Kosa lililoingia shambani au katika uchambuaji halitengenezwi kirahisi na msokotaji. Mkulima wa kahawa wa Nkwenda au Kayanga anaelewa jambo hili bila mwalimu: kahawa iliyoanikwa vibaya haiokolewi na mkaangaji.

Nanji aliijua safari hiyo yote, maana baadaye alimiliki pia kiwanda cha nguo huko Porbandar, Maharana Mills. Mwaka 1924 alianzisha kiwanda cha sukari Lugazi, kati ya Kampala na Jinja, na kuizungushia nchi ile mashamba makubwa ya miwa.

Hata hivyo, habari za pamba ya Uganda zina upande mwingine, na haifai kuupita kimya. Kwa miaka mingi viwanda vya kuchambua pamba vilikuwa mikononi mwa Wahindi na Wazungu, na mkulima Mwafrika aliyeilima pamba hakuwa na nafasi ya kuichambua wala kuipangia bei. Wenye viwanda walinufaika na utaratibu huo, Nanji akiwa mmoja wao. Manung'uniko yalizaa ghasia katika Buganda mwaka 1945 na tena mwaka 1949, ambapo wakulima walidai wazi haki ya kuchambua pamba yao wenyewe. Katika miaka ya 1950 vyama vya ushirika vilianza kumiliki viwanda. Kwetu Tanganyika, ushirika wa wakulima wa pamba wa kanda ya ziwa uliungana Mwanza mwaka 1955.

Mali aliyoipata Nanji hakuila peke yake. Akiwa mfuasi wa Arya Samaj, alijenga huko Porbandar shule ya bweni ya wasichana, Arya Kanya Gurukul, wakati ambapo elimu ya mtoto wa kike ilidharauliwa na wengi. Aligharimia pia Kirti Mandir, jengo la kumbukumbu karibu na nyumba alimozaliwa Mahatma Gandhi, lililofunguliwa mwaka 1950.

Alifariki mwaka 1969. Miaka 3 baadaye Wahindi walifukuzwa Uganda, na jamaa zake wakapoteza Lugazi, wakarudi kuijenga upya miaka ya 1980. Ndipo ikaonekana kwamba mali ya mfanyabiashara ni kama ule utepe: hukatikia palipo pembamba, na pembamba pale palikuwa kati ya mwenye kiwanda na jirani yake. Sisi tunaonunua na kuuza katika wilaya za Karagwe na Kyerwa tuupime utepe wetu mapema, katika mizani na katika ujirani, kabla haujasokotwa.

Mungu aiweke roho yake katika amani.