Jigoro Kano: Mwanachuo Aliyefundisha Watu Kuanguka

Wanachuo wenzangu, tukisikia judo wengi tunawaza mkanda mweusi na mtu kubwagwa chini puu! Aliyeianzisha, Mjapani Jigoro Kano, alikuwa kijana mfupi, mita 1.57 hivi, aliyechoka kuonewa shuleni.

Kano alizaliwa mwaka 1860 Mikage, eneo ambalo sasa ni sehemu ya Kobe. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mdogo, baba akamhamishia Tokyo. Darasani alikuwa kichwa, lakini wababe walimgeuza ngoma. Mwaka 1877, alipoingia Chuo Kikuu cha Tokyo, akapata mwalimu wa jujutsu, Fukuda Hachinosuke. Zama hizo jujutsu ilionekana mambo ya kizamani. Watu walikuwa wanakimbilia vya Ulaya.

Mazoezini kulikuwa na jamaa mmoja jitu kweli, Kano hamwezi. Akajaribu mbinu za sumo, wapi! Basi akaenda maktaba, akapekua vitabu vya mieleka ya Kizungu, akakuta namna ya kuingia chini ya mtu na kumbeba mabegani. Akaifanyia mazoezi, na siku ya siku jitu likaenda chini. Mbinu hiyo hadi leo ipo kwenye judo, inaitwa kata-guruma.

Mwaka 1882, akiwa ndiyo kwanza amehitimu, alifungua shule yake, Kodokan, ndani ya hekalu la Eishoji: mikeka 12, wanafunzi 9. Hapa angeweza kuwafundisha wanyonge kulipiza kisasi. Hakufanya hivyo. Aliziondoa mbinu za kuumiza kwenye mazoezi ya kupambana, akasisitiza mwanafunzi ajue kwanza kuanguka salama. Falsafa yake ilisimama juu ya mambo mawili: tumia nguvu zako pale zinapofaa, na wewe na mwenzako mnufaike pamoja. Anayekuazima mwili wake ujifunzie si adui. Ukimvunja leo, kesho utafanya mazoezi na nani?

Maisha yake yote alibaki mwalimu. Aliongoza chuo cha ualimu Tokyo kwa zaidi ya miaka 20, na mwaka 1909 akawa Mwasia wa kwanza katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Alifariki Mei 1938 akiwa melini, akirudi kwao kutoka mkutano wa kamati hiyo uliofanyika Cairo. Judo iliingia Olimpiki mwaka 1964, Tokyo, yeye hayupo.

Mimi mkeka wa judo sijaukanyaga. Ila nawaza tunavyofichana madesa wiki ya mitihani, kana kwamba A ya mwenzako inakupunguzia yako. Na mtu akipata sapu anajifungia chumbani kama amefiwa. Kwa Kano, kuanguka lilikuwa somo la kwanza. Na hakuna aliyelisoma peke yake.