Fritz Walter, Nahodha Aliyekataa Kuhama Kwao

Sisi wa Kibaha na Kisarawe tuna tabia moja. Kijana akianza kuujua mpira kidogo tu, mtaa mzima unamuuliza anaenda lini Dar. Si mbali: kutoka Kisarawe unashuka Pugu, unapita Gongo la Mboto, umeshafika. Ila wengi wakishaenda, hawarudi. Hapa chuoni swali ni lile lile, wala halihusu mpira tena: ukimaliza, utabaki mjini au utarudi kwenu? Kila mjadala huo ukiwaka vimbwetani, mimi namkumbuka Mjerumani mmoja, Fritz Walter.

Alizaliwa 31 Oktoba 1920 Kaiserslautern, mji mdogo wa magharibi mwa Ujerumani. Wazazi wake waliendesha mgahawa wa klabu ya mji huo, kwa hiyo jamaa alikua akisikia habari za mpira asubuhi na jioni. Julai 1940 aliitwa timu ya taifa kwa mara ya kwanza, wakacheza na Romania, akafunga magoli matatu peke yake.

Lakini angalia mwaka huo. Vita vilikuwa vimeshaanza, na timu ile ilikuwa ya serikali ya Hitler. Tusimpambe: Walter alivaa sare ya jeshi lile kama vijana wengi wa rika lake. Kocha wa taifa, Sepp Herberger, alihangaika sana kuwaweka wachezaji wake mbali na mstari wa mbele. Huko jeshini Walter alipata malaria. Ndiyo, malaria hii hii yetu, ambayo Kibaha imejengewa kiwanda kizima cha viuadudu vya kuua viluwiluwi vya mbu. Tangu hapo jua kali lilimmaliza nguvu, na mvua ikinyesha alicheza kama kafunguliwa. Hadi leo Wajerumani wanaiita mvua ya siku ya mechi hali ya hewa ya Fritz Walter.

Vita vilipoisha mwaka 1945 alikuwa mateka mikononi mwa Wasovieti, katika kambi iliyoko Romania ya leo. Wenzake walikuwa wakisubiri kupelekwa Urusi, na wengi waliopelekwa hawakurudi. Inasimuliwa kwamba siku moja walinzi walikuwa wakicheza mpira, naye akajichanganya nao. Mlinzi mmoja wa Hungaria akamtambua, maana aliwahi kumwona akicheza Budapest. Walter hakupelekwa Urusi. Mwishoni mwa Oktoba 1945 alifika nyumbani akiwa hai, pamoja na mdogo wake Ludwig.

Nyumbani palikuwa magofu na njaa. Nchi ilikuwa imegawanywa kwa mataifa manne, na Kaiserslautern iliangukia upande wa Wafaransa. Timu nyingi zilizunguka vijijini kucheza mechi za kirafiki, malipo yakiwa viazi na mafuta ya kupikia. Ubingwa wa taifa haukuchezwa tangu 1944. Uliporudi mwaka 1948, timu nane tu ndizo zilizofuzu, na moja yake, Planitz ya upande wa Wasovieti, ilinyimwa ruhusa ya kusafiri. Fainali ilipigwa Cologne tarehe 8 Agosti 1948, wiki chache tu baada ya watu kupewa sarafu mpya. Nürnberg ikaifunga Kaiserslautern 2-1. Vijana wa Walter wakarudi kwao mikono mitupu.

Hapo ndipo wengi wetu tungefunga mabegi. Yeye alibaki. Mwaka 1951 Kaiserslautern ilichukua ubingwa kwa kuifunga Preußen Münster 2-1, na magoli yote mawili alifunga mdogo wake mwingine, Ottmar. Mwaka huo huo Atlético Madrid ya Hispania ilimtaka kwa fedha nyingi, akakataa. Msidhani alikuwa tajiri: mishahara ya wachezaji Ujerumani iliwekewa kikomo, hivyo yeye na mkewe Italia waliendesha dobi ili maisha yaende. Mwaka 1953 wakachukua ubingwa tena, wakiifunga Stuttgart 4-1.

Mei 1954 walichapwa 5-1 na Hannover kwenye fainali. Watu wakamcheka Herberger alipoita watano wa timu iliyochapwa hivyo kwenda Kombe la Dunia Uswisi. Kule nako Hungaria iliwafunga 8-3 kwenye makundi. Wakakutana tena fainali, 4 Julai, Bern. Mvua ilikuwa inanyesha. Dakika ya 8 walishafungwa mbili, lakini mchezo ulipoisha ubao ulisoma 3-2, nahodha Fritz Walter akapokea kombe. Timu aliyoifunga ilikuwa ya nchi ya mlinzi yule.

Aliacha mpira 1959. Baadaye alikuwa akitembelea magereza kuwatia moyo wafungwa, jambo linaloeleweka kwa mtu aliyewahi kuishi nyuma ya waya. Mwaka 1985 uwanja wa mji wake ukapewa jina lake angali hai. Alifariki 17 Juni 2002.

Sisemi kila mtu asihame. Ada ya wadogo zako hailipwi kwa uzalendo wa mtaa, na Walter mwenyewe alikuwa na klabu ya kubaki nayo. Sisi tuna nini? Tulikuwa na Ruvu Shooting Ligi Kuu, na vigogo wa Dar walikuja Mabatini, Mlandizi, kucheza mbele yetu. Klabu kama ile haisimami bila watu: mhasibu, daktari, mwalimu wa michezo, mwanasheria wa kusoma mikataba. Watu hao wote wanasoma humu chuoni, na wengine wanatoka Kibaha na Kisarawe. Kaiserslautern ilikuwa mji mdogo wenye njaa, na watano wa timu yake walikuwa uwanjani siku Ujerumani ilipotwaa Kombe la Dunia.